Ndege ya Ghorofa na Ruhusa ya Kuja Harusini

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.
7 Julai, 2025

Mpendwa Dada Evelina,

Shikamoo. Habari za huko Mbinga na baridi ya mwezi huu? Mgongo wa mama umepata nafuu? Shemeji Venant anaendeleaje, na kahawa mmeanza kuchuma? Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi shingoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini. Hapo katikati pamekaliwa na mifuko ya saruji kwa miaka mitatu, sipasemei.

Leo ni Saba Saba, hatuko kazini, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Ningeweza kupiga simu, lakini mambo haya nikiyasema kwenye simu utakata ukidhani nimelewa. Kesho alfajiri nitamkabidhi barua kondakta wa basi la huko kusini, na nimemsihi asiifanye kipepeo cha kujipepea njiani.

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Kwamba Queen amesema tarehe 19 havai shela mpaka amwone mjomba wake, na mjomba mwenyewe ni mimi peke yangu. Hana kosa. Komunyo yake sikuwepo, kipaimara sikuwepo, siku walipoleta barua ya posa nilikuwa juu ya ukuta wa mtu napiga ripu. Nikikosa na harusi, hata mimi sitajiita mjomba tena.

Tatizo ni ruhusa. Fundi wetu mkuu hapa ni Nkwabi, na Nkwabi hatoi ruhusa. Mwaka jana mwenzetu Maige aliomba siku tatu akaoe. Nkwabi akamuuliza kama bibi harusi hawezi kusubiri mpaka tufunge lenta. Maige alioa Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi alikuwa anachanganya mchanga.

Lakini Nkwabi huyo huyo ni manju, kiongozi wa kikundi cha ngoma, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Huku Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili hupambana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna anayetoa alama. Watu wenyewe wanatembea: wakichoka na huyu wanahamia kwa yule, na kipenga cha mwisho kikilia, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo kila mtu anatafuta kioja cha kuvuta watu. Mwaka jana Mihayo, manju wa kikundi pinzani, alileta chatu. Nkwabi alibaki anawachezea watoto wasiojua kutembea.

Mwezi wa nne, tukiwa tunakula kwa Moza, mama lishe wetu, mimi na mdomo wangu nikasema utotoni nilikuwa natengeneza ndege za mabua. Nkwabi akaacha kutafuna.

"Zilikuwa zinaruka?"

"Zinaruka sana," nikasema. Wewe unakumbuka, dada, ziliruka pale tu nilipozitupa kutoka juu ya paa.

"Basi utanitengenezea moja, kubwa, inayoruka kwa rimoti. Tukimpiga Mihayo, unakwenda harusini wiki mbili. Tukishindwa, hiyo harusi utaicheza hapa hapa juu ya jukwaa la ujenzi na ndoo mkononi."

Hivyo ndivyo harusi ya Queen ilivyoingia kwenye mambo ya ndege.

Nilikwenda kwa Yahaya, fundi simu wa hapa Kiseke, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kutazama vitu vidogo. Yahaya aliwahi kutengeneza ndege ya rimoti akaipotezea ziwani, na tangu hapo alikuwa anatafuta mtu wa kumpotezea ya pili. Nkwabi alichagua umbo mwenyewe kwenye picha: ile ya zamani yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Alisema ya bawa moja moja ni banda, hii ni ghorofa. Nilidhani Yahaya atacheka, kumbe alikubali. Alieleza kwamba mabawa yakiwa mawili, ndege inaweza kuwa fupi na bado ikaruka taratibu, na watu wakaiona vizuri bila kukimbizana nayo.

Basi nikajenga. Dada, mimi ni mtu wa ujenzi. Nilichukua mbao za dari, nikapiga misumari, kila kiungo nikakifunga kwa waya kama tunavyofunga nondo, kisha nikapaka rangi ya mafuta mara mbili kuzuia unyevu. Ilipendeza. Ungeweza kuikalia. Tukaipeleka kwenye mzani wa Shamsa, muuza dagaa: kilo tatu na nusu, kabla ya injini.

Yahaya akaizunguka, akagonga bawa kwa kidole. "Antoni, hii ni ndege au kitanda cha mgonjwa?"

Nkwabi hakujali. Yeye alikuwa na injini yake tayari, ameing'oa kwenye mashine ya kufyekea majani. Injini ya petroli, yenye sauti ya kuamsha wafu. Yahaya akamwonyesha mota ndogo ya umeme, ukubwa wa yai na uzito wa yai, akasema hiyo inatosha kabisa, ila tu ndege ipungue. Nkwabi akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota jino. "Ngoma gani isiyo na sauti? Watu watajuaje kwamba iko juu?"

Ikafungwa ya petroli. Tukaiwasha pale ufukweni asubuhi. Haikuruka hata kimo cha sungura. Ilikimbia chini kwa chini, ikapita katikati ya chandarua alichoanikia dagaa Shamsa, ikageuka, ikapita tena kama iliyosahau kitu, halafu injini ikang'oka na kuendelea na safari peke yake. Nilikuwa sijamsikia mwanamke akimtukana mtu na ndege kwa pumzi moja. Siku mbili nzima baada ya kazi nilikuwa nachambua mchanga kwenye dagaa.

Baada ya hapo Nkwabi akakubali yai. Na mimi nikaanza upya, safari hii kwa kupunguza. Hilo ndilo lililonitesa kuliko zege. Tangu nimeanza kazi nalipwa kwa kuongeza: ongeza saruji, ongeza kokoto, ongeza nondo, isije ikadondoka. Sasa naambiwa ili isidondoke, toa. Wavuvi wakanipa vipande vya mti fulani unaoota majini, wanaoutumia kama maboya ya nyavu, mwepesi mpaka unatia shaka. Nikaupasua vijiti vyembamba, nikachanganya na mianzi, nikaunganisha kwa gundi na uzi badala ya misumari. Juu nikavalisha nailoni ile laini inayofungiwa magodoro mapya. Rangi hakuna. Kati ya bawa la juu na la chini Yahaya akakaza utepe mwembamba, ili upepo ukipita uvume kama nyuki, angalau Nkwabi apate sauti yake. Pamoja na mota na betri ilikuwa kilo moja kamili. Shamsa alikubali kutupimia, lakini kwa mbali.

Na iliruka, dada. Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya misa, ilipanda kule ufukweni juu ya mawe, ikivuma, taratibu kama mtu anayetembelea majirani. Nilisimama na mikono hii yenye nyufa, nikajiona kama nimezaa.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nikawa mlevi wa wepesi. Kila jioni nilikata hapa, nikatoboa pale, nikapunguza hata gundi. Yahaya alikuwa na betri mbili, kubwa na ndogo. Jana asubuhi, siku ya mpambano, nilimbembeleza mpaka akaweka ndogo. Nilimwambia, mchezo wenyewe ni dakika chache. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kuona mzani ukisoma chini ya kilo.

Uwanja wa mpambano uko karibu na ziwa. Jioni upepo unatoka majini na kwenda nchi kavu, kila mtu hapa anajua. Yahaya akashauri tukae upande wa juu, mbali na maji. "Fundi, ndege ikiishiwa nguvu, upepo wenyewe unatuletea. Tukikaa huku chini, upepo unampelekea Mihayo."

Lakini Nkwabi ana dawa yake ya mvuto, unga mweusi alioachiwa na babu yake, na sharti lake ni kwamba upepo lazima uwe mgongoni, ili unga uende kwa watu. "Dawa ya babu ina miaka mia," akasema. "Ndege yenu ina wiki tatu. Nani ampishe mwenzake?"

Mimi nilijua Yahaya yuko sahihi. Nilijua pia betri iliyomo ni ndogo. Nikanyamaza, maana nilikuwa naona wiki mbili zangu mbele ya macho, na mtu anayeomba ruhusa habishani na dawa ya babu ya bosi wake. Tukakaa upande wa maji.

Mwanzoni tulikuwa tunapigwa vibaya. Mihayo safari hii alikuwa na mtu anayecheza akiwa amebeba kinu kwa meno, na umati ulikuwa wake wote. Saa kumi na nusu Nkwabi akatupa ishara. Nikairusha kwa mkono, Yahaya akashika rimoti. Ikapanda. Utepe ukavuma. Dada, watu wakageuka kama nyasi! Wakamwacha yule na kinu chake mdomoni, wakaja kwetu mbio, wanawake na watoto migongoni, wazee na fimbo zao. Upande wa Mihayo pakabaki vumbi. Nkwabi alikuwa anacheza hagusi chini, ananipigia kelele, "Antoni, wiki mbili! Wiki mbili!" Zilikuwa zimebaki dakika tano.

Kisha Yahaya akasema kwa sauti ndogo sana, "Inaondoka."

Betri ilikuwa inaisha. Ilikuwa bado na nguvu ya kukaa juu, lakini siyo ya kushindana na upepo. Ikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwa Mihayo, polepole, pua ikitutazama sisi, kama mgeni anayeaga kwa adabu. Na umati wote ukaifuata, vichwa juu, midomo wazi. Wapiga ngoma wetu wawili wakaifuata, huku wanapiga. Maige aliifuata. Ndege ikavuka uwanja mzima, ikashuka, ikatua juu ya ngoma kubwa ya Mihayo bila kuvunjika kijiti. Mihayo si mjinga. Aliinyanyua juu ya kichwa akaanza kucheza nayo, na kipenga kikalia.

Upande wetu tulibaki wanne: Nkwabi, Yahaya, mimi, na Moza, ambaye alisema angekwenda ila miguu inamuuma.

Leo asubuhi Nkwabi akaniita kwake. Nilikwenda nimeshatunga ujumbe wa kumwomba Queen msamaha. Alikuwa amekaa kibarazani, hajanywa chai.

"Ijumaa tunamwaga zege," akasema. "Nakuhitaji mpaka ndoo ya mwisho. Ukishaiweka chini, nenda kwenu huko mbali. Wiki mbili nisikuone. Nikikuona kabla ya hapo nitaikumbuka ile ndege, na sijui nitafanya nini."

Nikainamisha kichwa. Nikamwomba anihurumie. Akasema hapana, adhabu ni adhabu. Harusi aliisahau kwa hasira au alijifanya kuisahau, sikuuliza. Nikatoka naburuta miguu, na nilipokata kona ya ukuta, dada, nilimkumbatia Maige mpaka akauliza nani amekufa.

Jumamosi napanda basi, na Mungu akijalia Jumatatu niko Mbinga.

Sasa nisikilize vizuri. Nakujua unavyopenda kushukuru. Namba ya Nkwabi unayo. Safari hii usishukuru. Ukimpigia kusema asante kwa kumruhusu mdogo wangu, nitakwenda harusini kwa picha tu. Kama ni lazima umpigie, lia. Sema mimi nimeharibu jina la ukoo, sema mama anasikitika mno, halafu kata simu, na Queen umwambie apime shela.

Msalimie shemeji Venant, mwambie mabega yangu hayatabeba kreti zake za soda za harusi mwaka huu. Msalimie mama na umshike mkono kwa niaba yangu. Salamu kwa binamu Alexander na kwa majirani wote wanaoniulizia. Mungu awatunze mpaka tuonane uso kwa uso, na amlainishie Nkwabi moyo, ila asianze kabla ya Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Antoni