Jina Lililo Juu ya Robota

Sanyuanli,
Guangzhou, China.
14 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Rodrick,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Hujambo wewe? Hannah mkeo hajambo? Baridi ya Norwei haijawagandisha? Mimi ni mzima, ila magoti yananinung'unikia kila nikipanda ngazi za masoko ya nguo ya Shahe. Namshukuru Mungu, chakula kinapita na usingizi unakuja.

Kabla ya yote, hongera. Picha ya shabaha yako nimeipata, ile yenye matundu yaliyobanana katikati kama mbegu za papai. Mshindi wa pili klabu nzima ya kulenga shabaha, tena mtoto wa Bukoba kati ya watu waliozaliwa na theluji. Nimemwonyesha kila mtu, hata mama wa Kichina anayetuuzia maandazi ya mvuke asubuhi. Joyness, ninayekaa naye chumba kimoja, amesema nikimwonyesha tena atahama. Ahame tu.

Sasa turudi kwenye lile lililokufanya uninunie tangu mwezi wa nne hadi uliponiandikia mwezi uliopita. Ulitaka nikutafutie huku kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, kwa kuwa vya madukani kwenu uliviona ghali, halafu nikuchomekee kwenye mzigo wa Elinami, yule mwenye duka la nguo za Kiafrika huko Oslo. Sababu yako niliielewa kuliko ulivyodhani. Baba yako, kaka yangu Anatory, alipiga bunduki miaka yote ya uaskari wa wanyamapori bila kitu masikioni, na leo ukitaka kumwambia neno lazima uliandike kwenye karatasi. Hukutaka yakukute hayo.

Na kuchomekea ni desturi yetu, sikatai. Ni nadra robota kuondoka hapa bila viatu vya mpwa au simu ya shemeji kufichwa katikati ya nguo. Nikaenda kumuuliza laoban mmoja, tajiri wa duka la vipuri. Akashusha sauti, akaniambia nirudi kesho yake, kitakuwepo.

"Pengyou, rafiki, usiogope," akasema. "Kwenye karatasi tunaandika chujio la gari."

Nikamjibu bu yao, sitaki, nikatoka. Kitu halali hakiandikiwi jina la kitu kingine. Huku, kipande chochote cha bunduki mkononi mwa mtu kama mimi ni jela, na Elinami wa watu angeonekana anaingiza silaha kumbe yeye anangoja magauni. Nikakuandikia hapana, nawe ukaninyamazia. Iliniuma sana, Rodrick. Mimi sikujaliwa mtoto, wewe ndiye wangu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kuna jambo sikukueleza wakati ule, maana simu zangu hukupokea. Mzigo ule ule wa Elinami ulipofika bandarini Huangpu, kontena tulilochangia na wenzangu likasimamishwa, ikaamriwa lifunguliwe lote. Wakala wa mizigo akatuita. Tulisimama pale, wenzangu kila mmoja akikumbuka alichochomekea.

Robota la kwanza mlangoni lilikuwa langu. Unajua huwa naandika nini juu ya marobota yangu tangu nianze biashara? ANATORY, herufi kubwa, rangi nyeusi. Ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege siku ya kwanza, akaniambia nikikosa mali nirudi tu, lakini nisirudi na jina chafu. Ofisa akachana plastiki, akatoa gauni moja moja akilikung'uta. Alipomaliza akayagonga yale maandishi kwa kalamu.

"Anatory ni nani?" akaniuliza kwa Kichina.

"Kaka yangu mkubwa," nikamjibu kwa Kichina changu cha sokoni.

Akaitikia kwa kichwa, akaruhusu robota lifungwe. Niliondoka pale nimenyoosha shingo. Lakini kwenye treni nikawaza: je, kile kiwambo kingedondoka kutoka kwenye magauni, nami nikaulizwa swali lile lile?

Ndiyo maana barua yako ya mwezi uliopita imenifanya nitembee kama mama wa bwana harusi. Umekwenda duka lenye leseni, umeonyesha kibali chako, umechagua kwa subira. Nimeisoma mpaka nami nimekuwa fundi: kiwambo kilingane na unene wa risasi, hesi zake za kukizungushia zioane na za mtutu, kisiwe kizito kikainamisha bunduki. Na kisipokaa sawa na mtutu, risasi inaweza kukigonga na kukipasua. Hicho cha vichochoroni nani angekipima?

Tena unasema ukishapiga unakiacha kipoe, unakifungua, unakifuta masizi na kukikausha, unyevu usije ukaleta kutu mpaka kwenye mtutu. Haya, Rodrick. Wewe uliyekuwa ukificha sahani chafu uvunguni mwa kitanda leo unasugua masizi. Hannah amefanya kazi. Ila vifunika masikio usiviache nyumbani, kwa kuwa umesema mwenyewe kwamba kiwambo hupunguza mlio, hakiumalizi.

Baba yako nimempelekea habari zote. Amejibu kwa mstari mmoja: "Mwambie mimi simsikii, lakini nimefurahi kwamba yeye atanisikia." Nililia kidogo, kisha nikaenda sokoni.

Barua hii utaikuta kwenye mzigo mpya wa Elinami, pamoja na mfuko wa kutunzia kiwambo chako. Umeandikwa kwenye karatasi za mzigo kwa jina lake: mfuko wa kitambaa. Wa kwanza niliushonesha kwa kitambaa cha trakisuti, maana ndicho ninachokijua. Joyness akaujaribu kwa pasi ya moto, ukanywea kama mfuko wa rambo. Huu ni wa pamba nzito, na hata hivyo subiri kipoe kwanza.

Msalimie sana Hannah. Msalimie Elinami, mwambie magauni ya njano yamekwisha, asinisumbue. Rafiki yako Simiyu mwambie namsubiri aje na senene kutoka Bukoba, maana nina hamu nao mpaka nawaota.

Juu ya mfuko nimekuwekea jina, fundi wa Zhanqian Road kalitarizi kwa uzi mweusi, herufi zile zile za robota. Wenzako klabuni wataliona, watakuuliza Anatory ni nani. Mimi swali hilo nimeshalijibu mbele ya forodha. Sasa ni zamu yako.

Mungu akutunzie masikio, macho na jina.

Wako akupendaye hata ukininunia,
Shangazi Bertila