Patroba Ameuza Hisa Kama Nyanya

Marion, uko? Patroba ameuza hisa za chama. Zile za benki. Zote.

Tumetoka mkutanoni saa hii na shangazi yako Anjeline bado ana hasira.

Si unajua vile alihangaika kuzichagua? Alimuuliza wakala wa hisa maswali mpaka jamaa akachoka, kisha akatuambia hizi tunakaa nazo miaka, tunakula gawio la faida kila mwaka. Tukakubali wote, na Patroba kama mwenyekiti ndiye alipiga makofi ya kwanza.

Sasa juzi Anjeline amevuka mpaka kwenda soko la Nagongera. Bei ya hisa ikashuka kidogo. Kidogo tu, Marion. Patroba akaita wanachama kwenye kibanda chake cha nyanya, wakauza. Eti asiyekuwepo amekubali, vile tunafanyaga tukinunua sufuria za harusi.

Leo Anjeline akamuuliza kwa nini. Unajua alijibu nini?

"Mama, nyanya ikianza kulainika unaiuza kabla haijaoza."

Nyanya. Benki nzima, nyanya.

Anjeline akamuuliza polepole, "Na lile shamba lako la Buteba, jua likiwaka wiki mbili unaliuza?"

Patroba akacheka. "Mama, shamba si nyanya."

Yeye mwenyewe hakusikia alichosema.

Halafu akamwambia Anjeline atufungie kwa maombi, amshukuru Mungu kwa kutuepusha na hasara. Yeye Anjeline.

Akasimama, akafumba macho. "Bwana, gawio linatoka mwezi ujao. Wabariki walionunua hisa zetu."

Amina niliitika peke yangu.