Kiti Kinene cha Pikipiki

Neema mjukuu wangu,

Huku Goma tuko wazima. Shangazi yako amejifungua msichana, na paa la jikoni limeacha kuvuja.

Unauliza nilifanyaje kiti cha pikipiki kisiniumize hadi Rutshuru. Baada ya volkano kuchoma mji, waasi wakiwa barabarani nami mwandishi wa habari wa kuzunguka kwa pikipiki, nilimpelekea fundi kiti akiongezee sponji. Akafunga pazia la kibanda anamolala. “Papa, rudia jioni. Usinichungulie.” Kiti kilirudi kinene na laini. Nikakipenda, nikakishuku.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, mwasi mmoja alikibonyeza.

“Journaliste, hii kiti iko munene sana. Unaficha nini ndani?”

“Matako yangu tu, chef.”

Wenzake walicheka. Yeye alichomoa kisu. Kama kingetoka kitu kibaya, wangenipiga risasi, na mimi mwenyewe sikujua fundi ameweka nini.

Vilitoka vipande vya godoro, vimeungua pembeni. Alivinusa, akaniruhusu nipite.

Niliporudi kwa fundi, pazia lilikuwa wazi. Kitandani mwake mlikuwa na mkeka mtupu, godoro halipo. Nilimwomba ashone upya, upande mmoja aufunge kwa kamba za viatu, ili kila mwenye shaka afungue atazame mwenyewe.

Nawe fanya hivyo kabla ya kutoka Butembo, na usimame pale kiti kikishonwa. Fundi akitaka kufunga pazia, muulize kwanza yeye analalia nini.

Koko wako