Unyayo wa Neema Juu ya Tenga

Kamwene, Mama Rehema, mkwe wangu. Najua hutaitika. Shule mimi sikuiona, kwa hiyo nasema, anaandika mjukuu wetu Neema. Nimemwonya asipunguze neno.

Siku anazaliwa ulimpokea wewe, ukaona unyayo wa kulia umegeukia ndani, ukalia. "Huu ni mguu wa bibi yangu. Mwanzi huzaliwa na pingili zake, mkwe, huwezi kuzitoa." Nikakujibu, "Pingili baki nazo. Mwanzi mbichi unapindwa. Wewe msuka matenga hulijui hilo?" Ukaninunia njia nzima mpaka hospitali Makambako, mtoto mgongoni mwako. Lakini ulikwenda! Kila wiki ulikwenda wambadilishe plasta ya kuunyoosha ule mguu, na baridi ile ya Juni. Na vile viatu vya kulalia, vyenye chuma katikati, ni wewe uliyemvalisha. Akilia mimi nataka kumvua, unanifokea, "Ukimvua, tenga linafumuka!" Mkaidi wewe.

Hofu yako niliijua. Ulitaka mtu wa kurithi kazi yako, na tenga huanzwa kwa kukanyaga kitako chake, unyayo wote ulale. Mguu ule ungekanyaga nini? Ukafa hujajibiwa. Hilo linaniuma, mkwe. Linaniuma.

Sasa sikia. Tangu tukuzike, visu vyako vilining'inia tu jikoni kwangu. Juzi natoka shambani, namkuta Neema uani kapasua mianzi, kaipanga msalaba chini, kaikanyaga. Kwa mguu uleule! Kisigino chini, vidole chini. Nikaganda na debe la viazi kichwani kama mjinga. Halafu nikaona jingine: anasuka kwa mkono wa kushoto, ulimi kautoa pembeni. Kama wewe! Nani alimfundisha? Kwangu hakuna wa kushoto, hata kuku.

Basi hakuna aliyeshindwa kati yetu. Pingili ni zako, na kupinda tulipinda wote.

Tenga lenyewe limekwenda upande, viazi vidogo vinapenya. Nimemwambia wazi, na usinune, Neema, andika. Lakini nimelibeba mpaka sokoni Makambako, nikapita nalo katikati ya watu. Aliyecheka nilimwambia, "Cheka, ila njoo kwanza uuone mguu uliolianza."

Pumzika, mkwe. Visu nitavinoa mimi. Kukanyaga, yupo wa kukanyaga.