Karatasi Nane Nilizozijaza Peke Yangu

Jumapili, Agosti 2008. Al Barsha.

Leo joto limeamka kabla yangu. Dirisha la jikoni limelowa kwa nje kama mfuniko wa sufuria, na huko chini mafundi wa barabara ya treni washaanza kutafuta kivuli ingawa saa nne haijafika. Baba Neema yuko kazini Jebel Ali. Watoto wanaangalia katuni. Juu ya friji kuna kopo la tende nililopewa jana kwa shukrani, na siwezi kulifungua.

Mnaopita hapa kwenye blogu yangu mmezoea picha za nywele. Leo hakuna nywele. Leo nina aibu, na humu ndani sina pa kuiweka.

Mimi nasuka, hilo mnalijua. Wanawake wetu wengi wa huku ughaibuni, Wakenya, Watanzania, wa Zanzibar, wameshakaa katikati ya magoti yangu saa tatu, saa nne. Wajawazito ndio hawakosi, maana nani anataka kwenda kuzaa na kichwa kama kiota. Ndiyo sababu Sista alinitafuta mimi. Sista ni nesi kwenye kliniki moja kule Oud Metha, mtu wa Mwanza. Aliona mama zetu wanamwitikia daktari "yes, yes", kisha wanatoka nje hawajui wameambiwa nini. Akaomba chumba cha Ijumaa asubuhi awafundishe kwa Kiswahili mambo ya kuzaa na kulea.

Ila hakutaka kufundisha vile kitabu kinavyosema. Aliniambia, "Mama Neema, aliyeandika kitabu hawajui hawa. Nataka somo la kwanza liwe lile linalowakosesha raha. Waulize wewe, wewe wanakuamini." Akanipa karatasi nane za wajawazito wanane ninaowasuka. Juu ya kila moja palikuwa na swali moja tu: kitu gani unakiogopa, au hukielewi?

Nilizijaza zote mimi.

Nilikaa kwenye meza ya kupigia pasi nikiwa na kalamu ya bluu, nyeusi, na ile ya kijani ya Neema. Karatasi nyingine nililaza herufi, nyingine nikazisimamisha. Nikaandika nataka kujua kuogesha mtoto, nataka kujua kunyonyesha, nataka kujua chakula cha mtoto. Kuogesha niliandika mara tatu, kwa sababu mimi mwenyewe najua kuogesha.

Kwa nini? Nimejiuliza tangu juzi. Mimi niliishia darasa la tano. Nisimame na karatasi mbele ya Caro wa mapokezi ya hoteli, anayeandika Kiingereza kama maji, halafu aseme, "Hebu nisomee hapo, Mama Neema"? Niliona haya. Na pia nilijiona najua. Nimezaa mara nne. Nikajiambia, hawa nawasuka, siri zao zote ninazo, wataniambia nini kipya?

Sista alipozisoma alifurahi, akaniita mwalimu. Akapanga masomo kwa kufuata zile karatasi. Kuogesha kwanza, kunyonyesha pili, chakula tatu. Dalili za hatari akazipeleka mwisho, kwa vile hakuna aliyeziuliza.

Ijumaa ya kwanza walikuja wote wanane. Sista akamtia mdoli kwenye beseni. Caro akaniinamia sikioni, "Mama Neema, nimelea wadogo zangu watano. Tumevuka mji mzima kuja kuogesha plastiki?" Wa nyuma walisikia, wakacheka. Mimi nilicheka kuwapita wote, ili nisionekane.

Sasa nifike kwa huyu mwingine. Nitamwita Mwanaisha, jina lake si hilo. Ni binti wa pwani, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mumewe anauza vipuri vya magari Deira, mama yake yuko mbali. Karatasi yake niliijaza kwa kalamu nyeusi: "Mimi siogopi kitu, namtegemea Mungu." Niliipenda sana hiyo. Niliona nimempatia vile alivyo.

Jumatano iliyopita alikuja kusukwa. Nilikuwa nampasua njia ya katikati, chanuo nimeliuma mdomoni, akasema polepole, "Mama Neema, mtoto amekuwa mpole siku hizi. Tangu juzi hivi."

Nikamjibu, "Mpole kama babake. Anajipumzisha huyo, anakusanya nguvu za kutoka."

Tukacheka. Kisha nikaanza kumhadithia nilivyomzaa Neema, na hadithi ile ikaenda mpaka nikamaliza kichwa. Yeye hakusema tena. Hakupata nafasi.

Juzi Ijumaa lilikuwa somo la kunyonyesha. Sista alimpakata mdoli kifuani huku anapita nyuma ya viti, anamwekea kila mmoja mkono begani na kumuuliza hali. Alipofika kwa Mwanaisha akamuuliza, "Na huyu wetu, anacheza?"

"Ni mpole tu, Sista. Anajipumzisha, anakusanya nguvu."

Maneno yangu, yalivyotoka mdomoni mwangu.

Sista aliweka mdoli kwenye kiti, uso chini. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Simama, mama. Yalla, tunakwenda hospitali sasa hivi. Mtoto hapumziki hivyo." Mlangoni akatugeukia sisi tuliobaki. "Na nyinyi nisikilizeni. Mtoto akipunguza kucheza, unakuja siku hiyo hiyo. Husubiri kesho, humuulizi jirani. Siku hiyo hiyo."

Jirani ni mimi.

Kabla ya adhuhuri Mwanaisha alikuwa ameshapasuliwa. Wamemtoa mtoto wa kiume, mdogo kama mkate, yuko kwenye kisanduku cha kioo na mpira puani. Yu hai. Madaktari wanasema anajitahidi, tungoje. Wamesema pia angechelewa siku moja zaidi wasingekuwa na la kufanya.

Jana nilikwenda kumwona. Alinishika mkono hataki kuuachia. "Bila lile darasa lako, Mama Neema." Lako, alisema. Mumewe akanipa kopo la tende kwa mikono miwili, "Allah akulipe kheri, dada yangu." Nilipokea. Ningefanyaje?

Halafu kwenye korido Sista akanivuta pembeni. Macho mekundu, hajalala. "Nimezirudia zile karatasi. Wanane, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mtoto kucheza. Huyu ndiye kabisa, ameandika haogopi kitu. Nadhani ni mimi, Mama Neema. Swali langu lilikuwa baya."

Pale ndipo mahali pa kusema. Mungu alinifungulia mlango kabisa.

Nikasema, "Ndivyo alivyo, huwa hasemi."

Nikamwacha Sista wa watu aondoke na kosa langu kichwani mwake. La Jumatano naweza kusema sikujua. La jana nilijua.

Na kuna jambo jingine, sijawahi kuliandika popote. Nimezaa mara nne, lakini watoto walioko sebuleni ni watatu. Wa pili nilimbeba kule kwetu Voi, na mwezi wa mwisho akawa mpole. Niliuliza wakubwa wangu. Wakaniambia anajipumzisha, anakusanya nguvu za kutoka. Alitoka kimya. Nikaambiwa ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia amina, na maneno yale nikayahifadhi kana kwamba ni ya hekima. Miaka yote hii, halafu nikampa mtoto wa mwenzangu maneno yale yale.

Nadhani ndiyo maana sikuuliza mtu. Ningemuuliza mmoja, swali langu lingetoka pia.

Ijumaa ijayo Sista amepanga kufundisha uji na viazi vya kuponda, kwa sababu niliandika mimi, kwa kalamu ya kijani. Wamebaki wajawazito saba. Sijui hata mmoja wao anaogopa nini. Caro ana miezi saba na mdomo mwingi, lakini nikikumbuka vizuri, kila akitaja siku ya kuzaa huwa anashika shingo. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Nimeshika kichwa chake mara ngapi?

Kama nyinyi saba mnasoma hapa kabla sijawafikia, nisameheni. Yale maneno kwenye karatasi si yenu. Na lile la Sista la mlangoni lishikeni, msingoje Ijumaa.

Nimekata karatasi nane mpya kwenye daftari la Neema. Saba ni za kuulizia huku nasuka, na nitafunga mdomo nisikilize. Asiyetaka kuandika nitamwandikia, neno lake kama lilivyo. Ya Mwanaisha itamngoja mpaka apate nguvu. Halafu nimekata ya tisa, ya kwangu. Hiyo nimeshaijaza, kwa mwandiko wangu mbaya, bila kulaza herufi:

Wangu alipokuwa mpole, ningekwenda siku ile, angeishi?

Sista anaingia zamu saa nane mchana. Nimeoga, nimevaa, tende nimezitia kwenye mfuko nizirudishe kwa wenyewe. Kesho pia Sista yuko kazini, nimeangalia. Lakini ni yeye aliyesema siku hiyo hiyo.