Mseto wa Mama Mkwe

Mishi, mwana wa dada yangu, Likoni sote wazima, na mtoto kaota jino. Waniuliza, Ijumaa ukiharibu wali mbele ya wakwe, watakurudisha kwetu?

Nilipokuwa bi harusi mpya nilizidisha tui, wali wa nazi ukawa kama uji, na wageni washakaa mkekani. Nikalia. Mama mkwe akafunua sufuria, akamimina mle pojo nilizochemsha ziwe mchuzi, akaponda kwa mwiko.

"Futa machozi, mwanangu. Leo umetupikia mseto."

Wageni wakala, wakaongezwa. Hajamwambia mtu hadi leo.

Siku hizi wali wangu wachambuka, naye akija huuliza, "Mseto lini?"

Pika tu, mama. Mkweo naye aliwahi kuwa bi harusi.

Mamako mdogo