Supu ya Mifupa Kwenye Maharage ya Binti Yangu

Mshauri, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi pokea salamu, naomba unisaidie. Nina miaka hamsini na mbili, nina bucha, shule niliishia darasa la saba, na binti yangu wa mwisho mwaka jana aliacha nyama, mayai, maziwa, vyote, akasema hali kitu cha mnyama, nikaona ananitukana mimi niliyemlea kwa nyama hiyo hiyo, tena nikajiambia amekonda huyu, ataanguka. Basi Jumapili mpishi wa nyumbani ni mimi, nikawa nachemsha mifupa ya bucha, naichuja supu kwa kitambaa isibaki hata chembe, ndiyo naungia maharage yake. Miezi saba. Anakula, ananiuliza, "Baba, mbona nikipika mimi hayawi matamu hivi?" Namjibu, "Mkono wa baba huo, mwanangu." Na kibaya zaidi nikawa nawahadithia wateja, tunacheka mpaka naweka kisu chini, na mmoja wao akaenda kumwambia. Hakulia. Aliniuliza tu, "Hata siku ile nilipokuwa naumwa?" Na kweli, hata siku ile. Sasa ana sufuria yake, anaifungia chumbani, nikimpa hata maji anayamwaga. Nifanye nini ale tena chakula changu?

Mwenye Bucha

Marahaba, nimekuzidi miaka mitatu.

Pole, lakini usinidanganye na mimi. Mzazi mwenye hofu hachekeshi wateja. Kama ni kukonda, ungempeleka apimwe damu, mkaulizia vitamini ambayo mimea haina, ukamjazia dengu, karanga na mboga za majani. Maharage yenyewe yalikuwa yanamtosha, baba! Wewe ulimpikia uongo, tena ukauchuja. Na alipokuwa hoi kitandani, akiutegemea mkono wako, ukampa huo huo.

Sasa fanya hivi. Wateja uliocheka nao, waambie hao hao, kwa sauti ile ile, kwamba ulimkosea mwanao. Kisha kaa naye umweleze yote, na neno "lakini" liache buchani. Usimwombe ale. Huenda asile kwako tena maisha yake yote, na utavumilia.

Ila ikitokea siku akakuachia ile sufuria uioshe, ioshe, umrudishie tupu.